Moyo na Upande Wake

Tukimtazama mtu kwa nje, upande wa kuume na wa kushoto hulingana: jicho kwa jicho, mkono kwa mkono. Lakini kila achinjaye mbuzi ajua ya kuwa ndani sivyo. Ini lakaa kuume, tumbo kubwa lakaa kushoto. Nasi wanadamu ini letu li kuume, na moyo waelekea kushoto. Ni nani auonyeshaye moyo njia yake?

Mwaka 1788, katika mji wa London, daktari Matthew Baillie alieleza habari za maiti ya mtu aliyekaribia miaka 40. Moyo wake ulikuwa kuume, na ini kushoto, kama sura katika kioo. Watu wa namna hii hupata 1 hivi katika 10,000, na wengi wao huishi wenye afya.

Mwaka 1933 daktari Manes Kartagener wa Zürich, katika nchi ya Uswisi, aliandika juu ya wagonjwa waliogeuka hivyo, nao walikuwa na kikohozi kisichokoma na ugonjwa wa pua. Je, moyo na kikohozi vina shirika gani?

Jibu lilikuja mwaka 1976. Ndani ya njia za pumzi zetu mna vinyweleo vidogo mno, kazi yao kusukuma makohozi nje. Björn Afzelius wa Stockholm alionyesha ya kuwa kwa wagonjwa hao vinyweleo havikwenda. Akawaza ya kuwa vinyweleo kama hivyo huongoza moyo, mtoto angali tumboni. Vikilala, moyo hukaa upande wowote. Ndiyo sababu karibu nusu ya wagonjwa hao wamegeuka.

Mwaka 1998, huko Japani, Nobutaka Hirokawa na wenzake waliona katika mimba changa ya panya vinyweleo vikizunguka na kusukuma maji kwenda kushoto. Mwaka 2002 Shigenori Nonaka na wenzake waliugeuza mkondo ule, na viungo vikageuka pia.

Basi, mtoto akizaliwa moyo u kuume, tusinene ya kuwa amelaaniwa, wala mamaye asishtakiwe kwamba amevunja mwiko. Sababu yatokana na vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Lakini akikohoa daima tangu kuzaliwa, na apelekwe hospitali. Tena akue akijua hali yake, amwambie kila daktari; maana kidole tumbo kikimwuma, huenda maumivu yakawa kushoto, na asiyejua akakosea.