Meli ya Vipande: Liemba na Mfano Wake wa Karatasi

Walimu wengi wa Kiswahili nchini Rwanda hufundisha methali isemayo "Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani" kwa wanafunzi ambao hawajaona tezi, omo wala ngama. Mwanafunzi wa Gikundamvura, wilayani Rusizi, hukariri tu kwamba mwishowe mtu hurudi kwao. Lakini maji ya bonde lake huingia mto Rusizi, na Rusizi huteremka hadi Tanganyika, ziwa lenye meli ambayo historia yake inaigusa Rwanda.

Meli hiyo ni Liemba. Jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Goetzen, kwa kumbukumbu ya Mjerumani aliyepita Rwanda mwaka 1894, akapokewa na Mwami Kigeli IV Rwabugiri, akafika ziwa Kivu. Baadaye huyo Götzen alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani wakati wa Vita vya Maji Maji. Sidhani kama kuna aliyesikitika jina lilipofutwa.

Iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer, mjini Papenburg. Kwa kuwa meli kubwa haiwezi kufika Tanganyika kutoka baharini, mafundi waliiunganisha kwa boliti, wakaifungua tena, wakaipakia katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku yalikuja Dar es Salaam kwa meli, yakapanda reli hadi Kigoma, na huko vipande vikaunganishwa upya. Ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe, lakini kwanza mafundi walizipaka injini grisi nyingi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, jina la kale la ziwa hilo. Mwaka 2015 ilibeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma.

Meli iliyofika kwa vipande inafaa kuundwa darasani kwa vipande vya karatasi. Waundaji wa meli za karatasi Ujerumani wamezoea skeli ya 1:250. Liemba ina urefu wa mita 71 hivi na upana wa mita 10. Kwa skeli hiyo inakuwa na sentimita 28 kwa 4, yaani inakaa juu ya karatasi moja ya A4. Huanza mkuku na mataruma ya kadi ngumu, kisha mbavuni, sitaha, dohani na mlingoti. Hapo tezi si neno la kukariri tena, ni upande wa nyuma ambao mwanafunzi ameupinda kwa vidole vyake. Na ngama ni ule uvungu wa chini kabisa, maji yanakokusanyika, alioufunika kwa sitaha.

Kuitunza ni kazi nyingine. Gikundamvura, kwa masikio ya Mnyarwanda, ni "kipenda mvua", na karatasi haiipendi. Unyevu hulegeza gundi, jua hupausha rangi, na gundi ya uji wa unga ni karamu ya mende. Tumieni gundi nyeupe, tena kidogo. Epukeni kadi za maboksi, kwani hugeuka kahawia na kukatika. Meli ikikauka iwekwe ndani ya kisanduku cha kioo, mbali na dirisha, na majina ya sehemu zake yaandikwe kwa penseli, maana wino wa kalamu hupauka mapema.