Mwalo wa Ujiji

Mwalo wa Ujiji ni ufuko wa wavuvi kwenye ukingo wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, kilomita zipatazo 8 kusini mwa mji wa Kigoma. Hapa ndipo ilipofikia ziwani njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapitia Tabora na chemchemi za chumvi za Uvinza. Msafiri wa leo hufuata mwelekeo huohuo kwa garimoshi la Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914; kutoka Tabora ni takribani kilomita 400.

Wapelelezi Burton na Speke walifika Ujiji mwaka 1858, na mwandishi wa habari Stanley akamkuta mmisionari Livingstone hapo mwishoni mwa 1871. Wageni wengi huishia kwenye makumbusho ya Livingstone, penye mnara wa kumbukumbu na miembe, wakashangaa kwamba ziwa liko mbali na mnara. Sababu ni Mto Lukuga, unaotoa maji ziwani upande wa Kongo. Mlango wake ulipozibuka mwishoni mwa miaka ya 1870, maji yalishuka takribani mita 10 katika miaka kama 15, na ufuko ukasogea. Kwa hiyo mchanga anaoukanyaga mgeni leo sio ule ulioshushiwa pembe za ndovu na watu waliotekwa Manyema, ng'ambo ya ziwa. Katika miaka ya karibuni ziwa limepanda tena, likameza sehemu za mialo kadhaa ya Kigoma.

Anayeshuka hadi majini ndiye anayeiona Ujiji iliyo hai. Maboti ya mbao huundwa papo hapo kwa tezo, msumeno na nyundo. Dagaa huvuliwa usiku wa giza: taa huwashwa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi taa za betri na sola, samaki wakakusanyika chini ya mwanga na wavu ukainuliwa. Mbalamwezi ikikolea, mwanga wa taa hupoteza nguvu na maboti mengi hupumzika, kwa hiyo anayetaka kuona mwalo ukichemka aangalie mwezi kwanza, kisha afike alfajiri. Asubuhi ni zamu ya wanawake: hununua kwa ndoo, wakaanika juani. Dagaa wa Kigoma, wadogo na wasio na michanga wakianikwa kwenye vichanja, husafirishwa hadi Dar es Salaam, na sifa yao ni ya haki kabisa. Samaki aina ya migebuka huliwa hapahapa, wakiungwa kwa mawese, kwa ugali wa muhogo.

Mji huu una Waislamu wengi, hivyo mavazi ya heshima yanatakiwa hata ufukweni, na ruhusa huombwa kabla ya kupiga picha. Mgeni aulize pia kuhusu kufungwa kwa ziwa: mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wapate kuzaliana.