Kifungo kilichohamishwa: historia ndogo ya malalamiko juu ya miziki yetu

Mulizoea kunisoma juu ya mbegu na udongo. Leo naandika juu ya miziki kwenye simu, lakini kwa mkulima nitarudi, juu njo kule nilijifunza kufikiri.

Naanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka uliopita mama mdogo wangu alipita kunisalimia kazini, hapa Butembo. Yeye alikuwa anaishi upande wa Beni, kwenye barabara ya Oicha. Mume wake, baba mdogo wetu, alikuwa mwalimu wa kwaya. Alifariki kwa ugonjwa, na miaka michache baadaye mama mdogo akakimbia mashambulizi na watoto, bila kubeba kitu. Picha zilibaki, nguo zilibaki. Kilichotoka naye ni simu ndogo mfukoni, na ndani yake kadi ya memori yenye nyimbo za ile kwaya. Katika nyimbo tatu baba mdogo anaimba peke yake. Katika moja anasikika akikohoa, halafu anasema, "Turudilie."

Siku hiyo kulikuwa na wifi nzuri. Nikaona simu yake inaomba kusasisha programu karibu zote. Nikabonyeza kukubali. Nilifikiri namfanyia mema.

Kesho yake asubuhi akanipigia kwa simu ya jirani. "Mutoto yangu, simu imefuta baba yako mudogo. Haiko tena. Niko natafuta tangu usiku."

Programu ya miziki iliyokuja na ile simu ilikuwa imebadilishwa sura. Zamani ukiifungua, unakuta folda zako. Sasa ulikuta picha za wasanii ambao mama mdogo hawajui, nyimbo za kusikiliza kwa mtandao, na tangazo juu yake. Nilichukua karibu nusu saa kupata kwaya. Ilikuwa chini ya mistari mitatu ya pembeni, halafu kifungo cha pili, halafu neno dogo la Kifaransa lililomaanisha mafaili ya ndani ya simu. Hakuna wimbo hata mmoja uliofutwa. Lakini kwa mtu aliyesoma paka mwaka wa nne wa shule ya msingi, na ambaye njia yake alikuwa anaikumbuka kwa kidole, kitu kilichofichwa hivyo na kitu kilichofutwa ni kimoja.

Nilipomweleza mwenzangu mmoja aliyesoma informatika, alicheka kidogo: "Batu hawapendagi mabadiliko. Watazoea." Jibu hilo lilinikaa rohoni. Nikaanza kutafuta: je, ni kweli historia ya malalamiko ya namna hii ni historia ya watu wasiopenda mabadiliko? Haya njo niliyoyapata.

Miziki ya kwetu iliyorekodiwa ina umri. Mwaka 1948, kule Léopoldville, Mgiriki Nicolas Jeronimidis alianzisha kampuni ya sahani za Ngoma, na mwaka huohuo Wendo Kolosoy akatoa "Marie-Louise" akiwa na gitaa la Henri Bowane. Mwaka 1952 Hugh Tracey alipita na mashine zake kaskazini-mashariki ya Congo, akarekodi miziki ya watu wa ukingo wa msitu wa Ituri, na Wanande wakiwemo. Miaka miwili baadaye akaanzisha kule Afrika Kusini maktaba ya kimataifa ya miziki ya Afrika, na sauti zile ziko kule hadi leo. Fikiria: sauti za babu zetu ziliwekwa kwenye rafu vizuri sana, lakini wenyewe hawakuwa na mkono juu ya rafu. Na sahani yenyewe haikuwa na siri. Ina pande mbili, kila upande kama dakika tatu. Ukimaliza, unageuza.

Mwaka 1963 Philips ikaonyesha kaseti. Wazee wetu wanaikumbuka kwa kalamu ya Bic ya kuzungushia utepe, lakini mimi naona jambo lingine kubwa zaidi: kaseti ilimpa mtu wa kawaida uwezo wa kurekodi mwenyewe na kuandika jina kwa mkono wake. "Kwaya, Pasaka." "Ndoa ya Yaya." Kila nyumba ikawa na maktaba yake, na mpangilio wa maktaba hiyo ulikuwa wa mwenye nyumba. Hakuna mtu wa mbali aliyeweza kuingia usiku na kuhamisha kaseti zako kutoka juu ya kabati kwenda chini ya kitanda.

Halafu kompyuta zikafika. Mwaka 1997 vijana wawili, Justin Frankel na Dmitry Boldyrev, walitoa Winamp, programu ndogo ya kusikiliza MP3. Wengi wenu mumeiona kwenye vibanda vya kuchoma CD. Mwaka 2002 ikatoka Winamp3, iliyojengwa upya kabisa. Ilikuwa nzito, na ngozi na nyongeza nyingi za zamani hazikufanya kazi ndani yake. Watumiaji walifanya nini? Walilalamika, halafu wakabaki na ile ya 2. Mwishoni mwa 2003 wenye programu wakatoa Winamp 5, wakitania kwamba 2 na 3 zikijumlishwa zinatoa 5: wepesi wa ile ya zamani pamoja na mazuri ya ile mpya. Walisikia, juu walikuwa wanaona watu wanakataa. Na watu waliweza kukataa, juu programu ya zamani ilikuwa kwenye kompyuta yao na hakuna aliyeweza kuitoa.

Kisa cha pili ni iTunes ya Apple. Mwezi wa 11 mwaka 2012 toleo la 11 lilitoka na sura mpya, na ile orodha ya pembeni, ambayo watu walizoea kupita kwenda kwenye miziki yao, ikafichwa. Kelele zikawa nyingi. Uliweza kuirudisha kama ulijua mahali pa kubonyeza, lakini lazima ujue. Baadaye ikaondolewa zaidi, na mwezi wa 5 mwaka 2016, toleo la 12.4 likairudisha. Zaidi ya miaka mitatu watu walikuwa wanaomba mlango uleule.

Kisa cha tatu ni cha juzi tu. Tarehe 7 mwezi wa 5 mwaka 2024, Sonos, kampuni ya Marekani inayotengeneza spika za nyumbani, ilibadilisha programu yake yote kwa mara moja. Watumiaji wakaamka wakikuta saa ya kuwaamsha haiko, kupanga foleni ya nyimbo kumepungua, na kutafuta ndani ya maktaba ya miziki yao wenyewe hakufanyi kazi kama zamani. Kati yao walikuwa vipofu ambao programu ya zamani ilikuwa inawasaidia na mpya haikuwasaidia sawasawa. Mwezi wa 7 mkuu wa kampuni, Patrick Spence, aliomba radhi. Watu waliomba ya zamani irudishwe. Kampuni ikaeleza kwamba kuirudisha kungeongeza matatizo. Mwezi wa kwanza wa 2025 Spence akaacha kiti chake.

Tuviweke visa hivi sambamba. Mwaka 2002 mtumiaji asiyeridhika alibaki na programu yake. Mwaka 2012 alilazimika kujua siri ya kurudisha orodha. Mwaka 2024 hakuwa tena na kitu cha kurudia. Kwa hiyo tusiseme kwamba watu wamekuwa wakali zaidi. Uwezo wao wa kukataa kimya-kimya njo umepungua, basi wanabaki na mdomo tu. Na wale wa kwetu, kama mama mdogo, hata huo mdomo hawana mahali pa kuupeleka. Kampuni itapokea barua yake kwa lugha gani? Na kwa mega gani?

Hapa lazima niwe mkweli kwa upande wa pili pia. Si kila lalamiko lina haki. Mwezi wa 9 mwaka 2006 Facebook ilipoanzisha ule ukurasa wa habari za marafiki, watumiaji kwa malaki waliungana kupinga. Leo wengi wenu hamuwezi kuifikiria Facebook bila ule ukurasa. Mimi mwenyewe nimewahi kutukana sura mpya ya simu, na baada ya wiki mbili nikasahau ile ya zamani ilifananaje. Na binamu yangu wa miaka 17 anaipenda ile programu iliyomliza mama mdogo. Amepata huko wasanii wa Goma na wa Kampala ambao redio haiwapigi. Nani atamwambia anakosea?

Kwa hiyo nimejifunza kutenganisha malalamiko mawili. La kwanza linasema "sijazoea." Hilo muda unalitibu. La pili linasema "siwezi tena." Mtu alikuwa anafika kwenye kitu chake, sasa hafiki. Hilo muda haulitibu, unalizika tu: mtu anachoka, ananyamaza, na kule mbali wanasema amezoea.

Sasa nirudi shambani, kama nilivyoahidi. Katika agronomia tunajifunza mapema kwamba mkulima akikataa mbegu mpya, kazi ya kwanza si kumwita mjinga. Maharage mapya yanaweza kutoa mavuno mengi, lakini yakichukua saa nyingi kwenye jiko, mama anayenunua makala atayakataa, na ana haki. Kwenye karatasi ya utafiti makala haikuandikwa, kwenye nyumba yake imeandikwa. Na watu wetu hawaogopi mabadiliko. Kahawa ya robusta ilipokauka kwa trakeomikosi upande wa Beni, wakulima walihamia kakao. Waling'oa, wakapanda, wakangoja miaka. Mtu aliyebadilisha shamba lake lote, utamwambia anaogopa kifungo?

Kuna jambo lingine ambalo wenzangu wa informatika wanaweza kunisahihisha. Mtengenezaji anaamua kwa kuangalia hesabu: watu wanabonyeza wapi? Lakini anayesikiliza kadi yake bila mtandao, wiki nzima bila mega, anaonekana kidogo sana katika hesabu hizo. Basi mlango wake unaonekana kama hautumiwi, na mlango usiotumiwa unahamishwa nyuma. Ni kama kuhesabu watu wa kijiji kwa kusimama paka kwenye barabara ya lami.

Na sisi tuna sababu ya pekee ya kuushika mlango huo. Mukumbuke mwisho wa 2018. Ebola ilikuwa imetangazwa tangu tarehe 1 mwezi wa 8, Mangina kwanza, halafu Beni, halafu Butembo. Siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 30 mwezi wa 12, sisi wa Beni na Butembo tukaambiwa kura yetu imesogezwa hadi mwezi wa 3, na vijana wa Beni wakajipangia kura yao ya kuonyesha tu kwamba wako. Tarehe 31 intaneti ikakatwa nchi nzima, karibu siku 20. Siku hizo kila kitu kilichoishi kwenye mtandao kilikufa. Kilichoendelea kuimba ni kadi za memori na flashi, kwenye maredio madogo yenye batri za jua. Spotify ilifika Congo mwezi wa 11 mwaka 2021, na wengine wamefika kabla na baada. Karibuni sana. Lakini hapa kwetu muziki ulio ndani ya simu si tabia ya wazee. Ni akiba, sawa mahindi ya kwenye ghala.

Mama mdogo nilimfanyiaje? Kwanza nilimwomba msamaha, juu mimi njo nilibonyeza. Nikatafuta programu nyingine, ndogo, isiyoomba mtandao, inayofungua folda moja kwa moja. Nikanakili nyimbo zote kwenye flashi mbili: moja iko kwangu, nyingine kwa binti yake. Nikabadilisha majina, maana faili nyingi zilikuwa namba tupu. Tuliketi pamoja jioni moja, yeye anasikiliza na kutaja jina, mimi naandika.

Kwenu ninyi munaosomea informatika Goma, Kampala, Kinshasa au Ulaya: kesho ninyi njo mutatengeneza hizi sura. Wekeni vitu vipya, tutavipenda. Lakini kile ambacho mtu ameleta mwenyewe kisifichwe nyuma ya mistari mitatu, na mkihamisha mlango, acheni alama mahali ulipokuwa. Na sisi wengine, kabla ya kubonyeza "kubali" kwenye simu ya mzazi, tuulize kwanza: humu ndani unatumia nini kila siku? Mimi sikuuliza.

Ile jioni, tulipomaliza, mama mdogo alichukua simu, akabonyeza mwenyewe. Akakosea mara moja, akarudi, akabonyeza tena. Kikohozi kikasikika, halafu "Turudilie." Akaniambia, "Sasa usiguse tena."

Kama nyumbani kwenu kuna kaseti au kadi ya zamani, nakilini wiki hii.