Mbwa wa Cheti na Mbwa wa Kazi

Ukishuka kwa barabara ya lami kutoka Mpemba hadi Isongole, wilayani Ileje, utawaona mbwa kabla hujafika forodhani. Ni wembamba, wa rangi ya udongo, kifua kirefu na tumbo lililoingia ndani. Wanavuka kwenda upande wa Chitipa na kurudi bila kugongewa mhuri na mtu. Hakuna anayewahesabu kuwa mbwa wa mbegu. Anayetaka mbegu hutafuta mbwa wa Kijerumani mjini na kumlipia fedha nyingi. Nami nadhani tumekosea hesabu hiyo, na ushahidi uko katika historia za mbwa wa kuwinda wa mataifa mengine.

Tuanze na Waarabu, kwa sababu mtazamo wetu juu ya mbwa, hasa pwani, umetokana nao kwa sehemu kubwa. Wengi wa Waislamu wa Uswahilini ni wa madhehebu ya Shafi, na kwao mbwa ni najisi: chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Lakini Kurani yenyewe, katika Sura ya Al-Maida, imehalalisha windo lililokamatwa na mnyama aliyefunzwa, akitumwa kwa jina la Mungu. Mabedui waliipokea ruhusa hiyo kwa mikono miwili. Saluki, mbwa wao mwembamba mwenye mbio, alilala hemani karibu na watoto, na kwa desturi hakuuzwa, alitolewa zawadi. Huko Baghdad, Ibn al-Marzuban, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika kitabu kizima kuonyesha kwamba mbwa ni bora kuliko wengi wa wavaa nguo. Na Abunuwasi, yule yule tunayemcheka katika hekaya kwa ujanja wake, alikuwa mshairi wa kweli aliyetunga mashairi mengi ya kuwasifu mbwa wa windo. Hekaya zilivuka bahari zikatufikia. Sifa za mbwa zilibaki ng'ambo.

Waingereza walimwandikisha Saluki katika daftari lao mwaka 1923. Kwao mbegu ni daftari: wazazi wanajulikana, vipimo vimeandikwa, na mlango umefungwa. Kwa Bedui mbegu ilikuwa kumbukumbu ya mdomo na mbio za mbwa mwenyewe. Hiyo ndiyo tofauti kubwa ninayoiona katika suala hili zima, na hakuna mahali inapoonekana vizuri kama kusini mwa Afrika, kwa mbwa anayeitwa Rhodesian Ridgeback.

Mbwa huyu hujulikana kwa mstari wa nywele zinazoota kinyume mgongoni. Mstari huo aliupata kwa mbwa wa Wakhoikhoi, wafugaji wa Rasi ya Tumaini Jema, waliokuwa naye kabla ya walowezi kufika. Katika miaka ya 1870 mmisionari Charles Helm alipeleka mbwa wawili katika misheni ya Hope Fountain, karibu na Bulawayo. Mwindaji Cornelius van Rooyen akawachanganya na kundi lake, akapata mbwa wa kumzunguka simba na kumzubaisha hadi mwenye bunduki afike. (Wasimuliaji hupenda kusema mbwa hawa waliua simba. Mbwa aliyejaribu hivyo hakuacha watoto.) Mwaka 1922, hapo Bulawayo, Francis Barnes akawakusanya wenye mbwa wakaandika vipimo vya mbegu, wakiazima mtindo wa vipimo vya Dalmatian. Mkhoikhoi hakuwamo mkutanoni, wala jina lake halikuingia katika jina la mbwa.

Yaliyofuata yanasikitisha zaidi. Mstari ukawa ndio mbegu yenyewe. Kwa miaka mingi wafugaji wengi waliwaua watoto waliozaliwa bila mstari, ingawa walikuwa wazima wa afya. Mwaka 2007 wanasayansi walionyesha kwamba chembe za urithi zinazoleta mstari ndizo pia zinazomweka mbwa katika hatari ya kasoro ya ngozi na uti wa mgongo anayozaliwa nayo. Kwa maneno mengine, aliyeuawa kwa kukosa mstari ndiye aliyeikwepa hatari hiyo. Mwindaji anayekula kwa jasho la mbwa wake asingefanya uamuzi wa namna hiyo hata siku moja.

Mwaka 2009 ulitoka utafiti uliopima damu ya mbwa zaidi ya 300 wa vijijini, wakiwemo wa Misri, Uganda na Namibia. Mbwa wa vijijini wa Afrika walionekana kuwa na asili yao wenyewe ya zamani. Ridgeback, pamoja na jina lake na fahari yake yote, akaangukia zaidi upande wa mbwa wa nje ya Afrika.

Basenji wa Kongo ana kisa kingine. Georg Schweinfurth, aliyepita nchi ya Wazande karibu na mwaka 1870, aliwakuta mbwa wadogo wenye mkia uliojikunja, wamevishwa kengele za mbao shingoni. Mbwa hawa hawabweki kama wengine, basi kengele humjulisha mwindaji walipo katika nyasi ndefu, nao humfukuza mnyama kuelekea nyavuni. Jozi iliyoonyeshwa London mwaka 1895 ilikufa kwa ugonjwa wa distempa. Mwaka 1937 Olivia Burn aliwaonyesha tena, na safari hii mbegu ikashika. Tatizo ni kwamba Basenji wa Ulaya na Marekani walitokana na mbwa wachache mno. Ndugu wakapandishwa kwa ndugu, maradhi ya figo na damu yakaenea. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani wakafunga safari hadi kaskazini-mashariki ya Zaire kuomba mbwa kwa wanavijiji, na mwaka 1990 daftari lililofungwa likafunguliwa kuwapokea. Wenye vyeti walikwenda kuokolewa na wasio na vyeti!

Nyumbani, mbwa wa kijijini amepungukiwa na kazi. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 imekataza kuwinda kwa mbwa bila kibali cha maandishi, na sina ugomvi nayo. Mwaka 1994 distempa, inayohusishwa na mbwa wa vijijini, iliua kiasi cha theluthi moja ya simba wa Serengeti. Mbwa asiyechanjwa ni hatari kwa pori na kwa mtoto wa jirani. Lakini kukataza windo si sababu ya kumdharau mbwa. Bado analinda mahindi na mbuzi, na uimara wake ulichujwa na njaa, kupe na mbung'o kwa vizazi vingi, kazi ambayo hakuna chama cha wafugaji kinachoiweza.

Kwa hiyo ndugu zangu wa Isongole, kabla ya kuuza gunia la kahawa ili ununue mbwa wa mjini, mpeleke uliye naye akachanjwe kichaa cha mbwa. Zikichanjwa asilimia 70 za mbwa wa eneo, ugonjwa huo hukosa njia ya kuenea.