Asili ya Kujichagulia Vipuri vya Kompyuta ya Michezo

Mtu anayetamani leo kompyuta yenye nguvu ya kuchezea michezo mikubwa aghalabu hanunui mtambo uliokwisha kuundwa. Huchagua mwenyewe prosesa ya kampuni hii, ubao mama wa kampuni ile, kumbukumbu, kadi ya picha na kifaa cha kugawia umeme kutoka kwa wengine, kisha huviunganisha katika kasha moja, na vyote hupatana kana kwamba vilitoka katika karakana moja. Desturi hii imezoeleka hata hudhaniwa kuwa ni tabia ya kompyuta tangu awali, ilhali mnunuzi wa televisheni au wa jokofu hajapata kupewa ikhtiari kama hiyo. Ilizaliwa kwa haraka ya kampuni moja, na ikasalimika kwa kuwa kila aliyejaribu kuitwaa aliwapoteza wanunuzi.

Mwaka 1980 IBM ya Marekani, iliyotamalaki biashara ya mitambo mikubwa ya serikali na mabenki, iliona soko la kompyuta ndogo likinawiri bila yake. Kikosi kilichokuwa Boca Raton, Florida, chini ya Don Estridge, kilipewa muda wa kiasi cha mwaka mmoja, na kwa kuwa muda huo haukutosha kubuni kila kitu, kilichukua prosesa ya 8088 kutoka Intel, mfumo wa kuendeshea kutoka Microsoft, na sehemu nyingine kutoka kwa watengenezaji mbalimbali. Mtambo ulitangazwa tarehe 12 Agosti 1981 kwa bei iliyoanzia dola 1,565. Ndani yake mlikuwa na nafasi 5 za kuchomekea kadi, na kikauzwa kitabu cha ufundi chenye michoro ya saketi, hata maandishi ya programu ndogo ya kuamshia mtambo. Ngome iliyobaki ilikuwa hakimiliki ya programu hiyo. Nayo ilivukwa na Compaq ya Houston, iliyoasisiwa mwaka 1982, ambayo iliwapa kazi waandishi wasiopata kuyaona maandishi ya IBM, wakaandika yao yenye kutenda mambo yale yale bila kunakili hata mstari.

IBM ilipotanabahi kwamba soko limewatoka, mwaka 1987 ilileta kompyuta za PS/2 zenye njia mpya ya kadi iitwayo Micro Channel, ambayo haikupokea kadi za zamani, na aliyetaka kuitumia alidaiwa ada. Mwaka uliofuata kampuni 9, Compaq ikiwa mbele, zilijibu kwa njia yao iliyozipokea kadi za zamani, na wanunuzi hawakuona sababu ya kutupa walivyokwisha kuvilipia. Micro Channel ikafifia. Zile nafasi za zamani zikaendelea kuonekana katika mbao mama kwa zaidi ya miaka 10.

Hata hivyo, hiari hiyo ilikuwa bado ya kihasibu, nayo haikupata ladha ila ilipoingia mikononi mwa wachezaji. Mchezo wa Quake ulipotoka Juni 1996, baadhi ya wachezaji walikuwa na prosesa ya Cyrix 6x86, iliyosifiwa kwa haki katika kazi za ofisini na iliyouzwa kwa bei nafuu kuliko Pentium ya Intel. Lakini Quake ulijenga vyumba na mashetani wake kwa hesabu za desimali, na Michael Abrash, mmoja wa waandishi wake, alizipanga amri kwa kufuata tabia ya Pentium, hata hesabu nzito ya kugawanya ikawa inaendelea kando huku kazi nyingine zikitendeka. Cyrix ikaachwa nyuma mno. Tangu hapo mnunuzi mwerevu hakuuliza tu prosesa ina kasi gani. Aliuliza ina kasi kwa kazi ipi.

Mwaka huo huo 3dfx ya California ilileta Voodoo Graphics, chipu zisizojua lolote ila kuchora taswira za pande tatu. Bei ya kumbukumbu ilikuwa imeshuka sana, na kadi yenye MB 4 ikawa jambo la kuwezekana nyumbani. Kwa kuwa haikuweza kuonyesha hata barua ya kawaida, ilihitaji kadi nyingine kando yake, na nyuma ya kasha waya ulitoka katika kadi hiyo nyingine ukaingia katika Voodoo ndipo ukaelekea kwenye skrini. Katika kadi ya Orchid Righteous 3D, mchezo ulipoanza, swichi zilizokuwa ndani zilipiga mlio mdogo wa kukatika, na mwenye nyumba akajua kwamba zamu imebadilika.

Kisha wachezaji wakavuka hata mipaka ya bei. Agosti 1998 Intel ilitoa Celeron 300A kwa wenye mkoba mwembamba. Prosesa hiyo ilizidisha mwendo wa ubao mama kwa 4.5, hivi kwamba megahezi 66 zilizaa 300. Wajuzi waling'amua kwamba ubao ukipandishwa hadi 100, chipu ile ile huzaa 450, sawa na Pentium II iliyouzwa ghali mara kadhaa. Ubao ulipokaidi, walifunika mguso mmoja wa prosesa, ule wa B21, kwa kipande cha utepe, na ubao ukaitambua kuwa ya jamii ya 100.

Katika kilele hicho 3dfx ikarudia taksiri ya IBM. Mwishoni mwa 1998 ilitangaza kuinunua STB, kampuni ya kuunda kadi, ili iziuze Voodoo peke yake. Waundaji waliozoea kununua chipu kwake wakageukia wapinzani wake, hasa Nvidia, ambayo mwaka 1999 ilitoa GeForce 256, na Desemba 2000 ikakubaliana kuzinunua mali za 3dfx yenyewe.

Ubao wa kipimo cha ATX, kilichotangazwa na Intel mwaka 1995, bado huingia katika makasha ya leo. Lakini katika kompyuta nyingi za mkononi kumbukumbu imekwisha kulehemiwa, na tangu mwaka 2020 Apple huiweka pamoja na prosesa katika kifurushi kimoja, nayo husifiwa kwa kasi na uchache wa umeme inaotumia. IBM na 3dfx walifunga mlango bila kumpa mnunuzi faida iliyo dhahiri, wakashindwa. Anayeufunga huku akilipa kwa kasi ni hasimu wa namna nyingine, na wapenzi wa kujichagulia vipuri hawajapata kupambana na mfano wake.