Sanamu za Wahindu majumbani: pambo la nyumba au mkazi wake?

Mwaka 1925 majaji mjini London walitakiwa kuamua jambo ambalo si la kila siku mahakamani: je, sanamu ya mungu iliyomo ndani ya nyumba ya watu ni mali ya wenye nyumba, au yenyewe ina haki zake?

Shauri lilitoka Calcutta, mji ambao leo huitwa Kolkata, mashariki mwa India. Ndugu wa ukoo tajiri wa Mullick walikuwa wamerithi kwa wazee wao jukumu la kuihudumia sanamu ya mungu wa familia, kila mmoja kwa zamu. Mmoja wao alitaka, zamu yake inapofika, aichukue sanamu na kuipeleka nyumbani kwake. Wenziwe wakapinga. Ugomvi ukapanda ngazi za mahakama hadi kufika katika Baraza la Mfalme, ambalo lilikuwa kituo cha mwisho cha rufaa kwa himaya ya Uingereza, Afrika Mashariki ikiwemo.

Majaji walisema kwamba sanamu ile haikuwa kitu cha kuhamishwa hamishwa kama kiti au sanduku. Mbele ya sheria ilihesabiwa kuwa nafsi yenye matakwa yake, na matakwa hayo kuhusu mahali pa kukaa yalistahili kuheshimiwa. Shauri likarudishwa India, kwa maagizo kwamba mungu yule apewe msemaji asiye na masilahi katika ugomvi, na kwamba wanawake wa ukoo nao washirikishwe.

Kwa msikilizaji wa Kiswahili aliyelelewa msikitini au kanisani, neno lenyewe "sanamu" ni zito, kwani dini hizo mbili zinakataza kuziabudu. Lakini hukumu ile haielezeki bila ya kwanza kujua Mhindu mwenyewe anaona nini anaposimama mbele ya rafu yake ya ibada.

Moto kabla ya sanamu

Wahindu hawakuanza na sanamu. Tenzi za Rigveda, zilizotungwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, zinaeleza ibada iliyofanywa kandokando ya moto. Samli na nafaka vilitiwa motoni, na moshi ukapeleka sadaka juu. Hapakuwa na hekalu wala umbo la kuchongwa.

Mabadiliko yalikuja polepole. Karne chache kabla na baada ya kuzaliwa Kristo, maumbo ya miungu yalianza kuonekana kwenye sarafu na mawe. Mji wa Mathura, kaskazini mwa India, ukawa na karakana mashuhuri zilizochonga kwa ajili ya Wahindu, Wabudha na Wajaini. Kufikia karne ya 6, mnajimu Varahamihira, katika kitabu chake Brihat Samhita, aliona haja ya kutenga mlango mzima kueleza vipimo vya sanamu. Kusini, chini ya wafalme wa Chola, mafundi walifinyanga umbo kwa nta, wakalifunika kwa udongo, wakaliyeyusha kwa moto, na mahali pa nta wakamimina shaba. Ili kuitoa sanamu ilibidi kuuvunja udongo, kwa hiyo kila moja ilikuwa ya pekee. Mafundi wa Swamimalai, katika jimbo la Tamil Nadu, wanafanya kazi hiyo hadi leo.

Wahindu huiita sanamu hiyo murti, neno la Kisanskriti lenye maana ya umbo, au kitu kilichopata mwili. Fundi akishamaliza kazi yake, jiwe bado ni jiwe. Kuna ibada maalumu ya kulitia pumzi, na macho hufunguliwa katika ibada hiyo. Tangu hapo, muumini haendi tu kumtazama mungu, bali huenda pia kutazamwa naye. Ndiyo maana macho ya sanamu nyingi ni makubwa na yamekodolewa.

Mgeni wa heshima

Ibada ya kila siku, iitwayo puja, imejengwa juu ya ada ambazo Mswahili yeyote atazitambua: ada za kumpokea mgeni. Katika mpangilio wake kamili zipo huduma 16. Mungu hukaribishwa, hupewa mahali pa kukaa, huoshwa miguu, huogeshwa, huvikwa nguo, hupakwa msandali, hupewa maua, hufukiziwa udi, huwashiwa taa, kisha huandaliwa chakula. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Chakula kilichotolewa kwa murti hurudi kwa watu wa nyumba kikiwa na baraka, wakakila pamoja.

Majumbani huduma hizo hufupishwa: taa moja, ubani, ua na tunda. Aidha, familia nyingi huepuka kuitia sanamu pumzi kwa ibada kamili, kwa sababu mgeni wa aina hiyo hawezi kuachwa na njaa hata siku moja. Wengine huchagua mgeni wa muda. Katika sikukuu ya Ganesha, sanamu ya udongo huletwa nyumbani, huhudumiwa kwa siku kadhaa, kisha husindikizwa hadi mtoni au baharini na kuachwa iyeyuke.

Lugha ya maumbo

Kila alama katika murti ina maana. Mikono mingi si maumbile ya ajabu tu, bali ni njia ya fundi ya kuonyesha kwamba mwenye umbo ana uwezo mwingi kwa wakati mmoja. Kiganja kilichoinuliwa kumwelekea mtazamaji husema: usiogope. Kiganja kinachoelekea chini, vidole vikiangalia ardhi, kinatoa.

Ganesha, mwenye kichwa cha tembo, ndiye anayeonekana zaidi milangoni. Kisa chake ni cha nyumbani hasa. Inasimuliwa kwamba mama yake, Parvati, alimuumba mwenyewe ili amlindie mlango akiwa anaoga. Shiva aliporudi, kijana asiyemjua akamzuia, naye kwa hasira akamkata kichwa. Majuto yalipomwingia, akamrudishia uhai kwa kichwa cha tembo. Kwa hiyo mlinzi wa mlango akawa mwenye kuondoa vikwazo, na jina lake hutajwa kwanza kabla ya safari, harusi au kufungua duka. Pembe yake moja imevunjika, na wapo wasimuliao kwamba aliivunja apate kalamu ya kuandikia Mahabharata. Miguuni pake yupo panya, mnyama mdogo apitaye hata pale tembo asipoweza.

Lakshmi huonyeshwa juu ya ua la yungiyungi, sarafu zikidondoka kutoka kiganjani. Yungiyungi huota katika tope lakini ua lake hutoka safi, na huo ndio utajiri anaotakiwa mtu kuuomba. Usiku wa Diwali nyumba husafishwa na taa huwashwa ili Lakshmi aione njia. Wafanyabiashara wa Gujarat huleta mbele yake vitabu vyao vipya vya hesabu vibarikiwe kabla ya kuandikwa.

Shiva, akicheza ndani ya duara la moto, anashika ngoma ndogo mkono mmoja na mwali mkono mwingine: kuumba na kuangamiza. Chini ya mguu wake amelala kibeti, ambaye ni ujinga. Wapo Wahindu wanaoona kwamba umbo hilo lina nguvu mno kwa sebule na mahali pake ni hekaluni.

Nyuma ya duka la Baniani

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki waliwajua Wahindu kwa jina la Mabaniani, na walimjua Baniani hasa akiwa mbele ya duka lake. Ndipo ilipotoka methali ya Baniani mbaya kiatu chake dawa. Yaliyokuwa nyuma ya duka hayakujulikana sana.

Miongoni mwa wafanyabiashara hao walikuwemo Wabhatia wa Kutch, waliokuwa na makazi Muscat kabla ya kuvuka hadi Unguja. Katika miaka ya 1830 kampuni ya Jairam Shivji, Mbhatia wa bandari ya Mundra, ilikodishwa ushuru wa forodha wa Unguja na Sultani Seyyid Said, na ikawa miongoni mwa nguvu kubwa za fedha katika Bahari ya Hindi.

Wabhatia wengi walifuata njia ya Vallabha, mwalimu aliyefariki mwaka 1531, ambayo huweka kitovu cha ibada katika huduma ya Krishna, mara nyingi akiwa mtoto mchanga. Mtoto huyo huamshwa asubuhi, huogeshwa, hulishwa siagi na maziwa, hubembelezwa kwenye susu, na jioni hulazwa. Nyumbani ibada hiyo haihitaji hekalu wala kasisi. Ni rahisi kuona kwa nini iliwafaa watu wa majahazi, ambao wengi wao walikwenda ughaibuni bila ya wake zao. Athari ya Wabhatia ingalipo Ghuba. Hekalu la Krishna mjini Manama, Bahrain, lina umri wa takriban miaka 200.

Mungu wa karatasi

Ndani ya India yenyewe, si kila mtu aliruhusiwa kumwona mungu. Watu wa matabaka yaliyodharauliwa walizuiwa kuingia mahekalu mengi. Mwaka 1894 mchoraji Raja Ravi Varma alifungua Bombay kiwanda cha kuchapa picha za rangi, kwa mitambo iliyotoka Ujerumani. Lakshmi na Saraswati, wamevaa sari kama wanawake wa zama zile, wakauzwa kwa bei ambayo watu wa kawaida waliimudu.

Matokeo yake yalikuwa makubwa kuliko biashara. Mtu aliyefungiwa mlango wa hekalu sasa aliweza kutundika picha ukutani, kuwasha taa, na kutazamwa na mungu yule yule. Travancore, nchi alikotoka Ravi Varma, ilifungua mahekalu yake ya serikali kwa Wahindu wote mwaka 1936. Picha za karatasi zilikuwa zimetangulia kwa miaka mingi.

Hata hivyo, si Wahindu wote wanaozikubali sanamu. Dayananda Saraswati alisimulia kwamba, akiwa kijana katika mkesha wa Shiva, aliwaona panya wakipanda juu ya sanamu na kula sadaka, akajiuliza iweje mungu ashindwe kujilinda. Mwaka 1875 alianzisha Arya Samaj, inayorejea kwenye moto wa Veda. Mwanzoni mwa karne ya 20 jumuiya hiyo ilikuwa imeshafika Nairobi. Kwa hiyo zipo nyumba za Wahindu wa Afrika Mashariki ambazo hazina murti hata mmoja.

Siku 90

Tarehe 4 Agosti 1972 Rais Idi Amin wa Uganda alitangaza kuwafukuza Waasia, akawapa siku 90. Familia iliruhusiwa kutoka na takriban pauni 50 na mizigo michache. Maduka, nyumba na mashamba ya miwa vilibaki, na mahekalu ya mawe yakabaki pia.

Watu wapatao 28,000 waliingia Uingereza, Wahindu wa asili ya Gujarat wakiwa wengi miongoni mwao. Baraza la mji wa Leicester lilikuwa limechapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwataka wasiende huko kwa kuwa mji umejaa. Maelfu walikwenda.

Hapo ndipo ukubwa wa sanamu ulipopata maana mpya. Murti wa shaba unaoenea kiganjani, au picha yenye fremu, huingia katika sanduku la nguo. Katika mji usio na mahekalu ya kutosha, kabati la chumba cha kulala au rafu ya jikoni, mbali na viatu, ilitosha kuwa mahali patakatifu. Mama au bibi ndiye aliyewasha taa asubuhi na kuwafundisha watoto majina. Mahekalu makubwa yalifuata: lile la Neasden, London, lilifunguliwa mwaka 1995, na miongoni mwa waumini wake wapo wengi wenye asili ya Kenya, Uganda na Tanzania. Leicester, mji uliowaambia wasije, leo husherehekea Diwali kwa taa katika barabara ya Belgrave Road.

Siku hizi sanamu za Ganesha huuzwa Ulaya na Marekani hata kwa watu wasio Wahindu, wanaoziweka bustanini au bafuni. Wahindu wengi huudhika, na sababu yao haiko mbali na hukumu ya mwaka 1925: mgeni hapangiwi bafuni, wala hatupwi jalalani anapovunjika, bali hupelekwa majini kwa heshima.

Majaji wa London hawakutakiwa kuamini kwamba sanamu ya Calcutta ina uhai. Walitakiwa kuwasikiliza waliokuwa wakiishi nayo. Na katika maagizo yao walikumbuka kuwaingiza wanawake wa ukoo wa Mullick, ambao hawakuwa miongoni mwa ndugu waliokuwa wakibishana.