Keki ya bibi bila oveni: zabibu ya Makutupora badala ya tufaha

Ukifungua kitabu cha mapishi kilichoandikwa Ulaya au Marekani, mara nyingi utakuta bibi na tufaha wako pamoja: bibi anamenya, anakata vipande, anaongeza sukari na mdalasini, kisha anaingiza kwenye oveni. Huku Makutupora, kaskazini mwa Jiji la Dodoma kwenye barabara ya kwenda Kondoa, oveni ni ya wachache na tufaha, au epo kama wengi wanavyoliita sokoni, huuzwa moja moja. Wajukuu lakini wanataka keki ileile. Kuna njia ya kuwapikia kwa mkaa na kwa tunda la hapa hapa, ila njia hiyo ina hatari mbili ambazo lazima uzijue.

Tuanze na tufaha lenyewe. Kwa nini tusilipande? Mti wa tufaha unahitaji baridi. Aina nyingi zisipopata mamia ya saa za baridi kali kwa mwaka, macho yake hayafunguki vizuri na maua huwa machache. Ndiyo maana hapa nchini utalikuta kwenye miinuko yenye ubaridi kama Njombe, Makete na Lushoto, na mengi yaliyopo sokoni hutoka Afrika Kusini. Dodoma ina upepo wa baridi mwezi wa sita na wa saba, lakini hautoshi. (Ukienda Zanzibar ukaomba tufaa, unaweza kupewa tunda jingine kabisa, jekundu, jepesi na lenye maji mengi. Halifai kwa keki.)

Mzabibu ni habari nyingine. Ukipogolewa kwa wakati na kupata maji, hapa huzaa mara mbili kwa mwaka: mavuno ya kwanza karibu Februari na Machi, ya pili Agosti na Septemba. Makutupora pana kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI, kinachoshughulikia zao hili, na aina moja ya zabibu nyekundu imebeba jina la kijiji chetu, Makutupora Red. Shida ya zabibu kila mkulima anaijua: ikishavunwa haisubiri. Mnunuzi akichelewa siku chache, punje zinaanza kuoza. Hapo ndipo kukausha kunapookoa kitu. Kilo nne hadi tano za zabibu mbichi hutoa kama kilo moja ya zabibu kavu, na hiyo ikihifadhiwa vizuri hukaa miezi.

Mavuno ya Agosti na Septemba ndiyo ya kukausha. Mvua hakuna, jua ni kali, hewa ni kavu. Ya Machi huangukia kwenye masika yetu, na zabibu inayoanikwa leo na kunyeshewa kesho huota ukungu. Usihangaike nayo kama huna kikaushio cha jua kilichofunikwa.

Chagua punje zilizoiva sana na zisizopasuka. Zioshe, zichovye kwenye maji yanayochemka kwa sekunde chache tu ili ngozi ilegee, kisha zitandaze kwenye kichanja kilichoinuka kutoka ardhini. Funika kwa kitambaa chepesi au neti safi kuzuia nzi na vumbi. Usitumie chandarua cha mbu chenye dawa, hata kikiwa kikuukuu. Jioni ingiza ndani, maana umande unarudisha unyevu. Baada ya wiki moja hadi mbili, pengine zaidi, kamata konzi moja na uiminye: isitoe maji, na ukifungua mkono punje ziachane. Zabibu nyingi za hapa ni za mvinyo na zina mbegu. Bibi mwenye subira huzikata katikati na kutoa mbegu kabla ya kuanika. Asiye na subira huwaachia wajukuu watafune.

Hatari ya kwanza iko hapa. Zabibu iliyoota ukungu itupe yote. Usiioshe, usiikaange, usiifiche ndani ya keki. Baadhi ya ukungu hutoa sumukuvu, na moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Zabibu si mahindi, lakini kanuni ni ileile, chakula kisichokauka vizuri hakisameheki kwa kupikwa.

Sasa keki. Unga wa ngano nusu kilo, sukari robo, siagi au majarini robo, mayai matano, vijiko vidogo vitatu vya beking pauda, maziwa kikombe kimoja, na zabibu kavu konzi mbili. Loweka zabibu kwenye maji ya vuguvugu kwa nusu saa, zichuje, kisha zipake unga kidogo ili zisizame chini. Saga siagi na sukari kwa mwiko mpaka iwe nyeupe na laini. Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa haraka, na keki inatoka ngumu. Ongeza mayai moja moja, halafu unga uliochanganywa na beking pauda, maziwa, na mwisho zabibu.

Chukua sufuria kubwa, weka mchanga mkavu na safi kina cha vidole viwili, ipashe moto, kisha weka ndani yake sufuria ndogo iliyopakwa mafuta yenye mchanganyiko wako. Funika, palia makaa juu ya kifuniko. Siri yote ni moto wa juu kuzidi wa chini: chini makaa machache, juu mengi. Mama wa pwani anayepika mkate wa kumimina anafanya hivyohivyo. Usifunue kabla ya dakika 35. Kati ya dakika 40 na 50 choma katikati kwa njiti safi, ikitoka kavu imeiva.

Kama mgeni wa mjini amekuletea matufaha, au muuzaji amekupunguzia bei kwa sababu yamenywea, hayo pia yanafaa. Menya mawili, kata vipande vyembamba, vipange chini ya sufuria juu ya sukari iliyoungua kidogo na mdalasini, kisha mimina mchanganyiko juu. Embe bichi lililoanza kulainika hutoa uchachu unaokaribia huo.

Hatari ya pili ni jiko lenyewe. Mkaa unaowaka hutoa gesi isiyo na harufu wala rangi, na kwenye chumba kilichofungwa inaua watu waliolala. Keki ya saa moja jioni ya Julai, baridi ikiuma, inamshawishi mtu kuingiza jiko ndani ili nyumba ipate joto. Oka nje, au barazani penye hewa, na jiko lisilale ndani hata likionekana limezimika. Mtu akilalamika kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu karibu na jiko, mtoe kwenye hewa safi mara moja na mpeleke kituo cha afya.